Bata wa Ijumaa

Alhamisi. Saa 10:20 jioni.

Wezi wanne walikutana chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu, na kati ya wanne hao mwenye akili alikuwa mmoja. Si yule aliyekuwa akiongea.

Aliyekuwa akiongea ni Ghassan. Ghassan bin Harith, bosi, jemadari, mwenyewe. Alikaa Mombasa miaka mitatu akarudi Amu, mji wa Lamu, na miwani ya jua, mkufu wa dhahabu unaoacha rangi ya kijani shingoni, na ulimi mpya. Alipoondoka alikuwa akisema "ndoo", yaani njoo, kama Mwamu yeyote. Aliporudi anasema "kam hia, msee".

"Sikieni," alisema. Ramani alikuwa ameichora kwa kalamu juu ya boksi la kuku. Ilikuwa na madoa mengi ya mafuta kuliko vichochoro. "Hapa ofisi ya Kamaludin, ghorofani. Hapa msikiti. Kesho Ijumaa. Saa sita na nusu kila mwanamume Amu hii yuko msikitini. Maduka yamefungwa. Vichochoro vitupu. Tunaingia. Dakika arubaini. Tunatoka. Boti. Kwisha."

"Na sisi hatuswali?" aliuliza Mahir. Mahir alikuwa na miaka thelathini, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa njaa. Hata sasa alikuwa akitazama boksi, wala si kwa ajili ya ramani.

"Wewe utaswali. Wewe ndiye jicho. Kaa safu ya mwisho, pale penye viatu. Imamu akitoa salamu, piga simu."

"Safu ya viatu naijua sana," alisema Mahir, kwa fahari ya mtu aliyetajiwa mtaa wake.

Wa tatu, Bakr wa Kiunga, hakusema kitu. Huyo alikuwa mpana kama mlango wa ghala. Yeye ndiye angevunja kufuli, na yeye ndiye angeendesha boti. Ghassan alimwita "misuli", na Bakr hakuwahi kumwambia kwamba misuli nayo ina masikio.

Wa nne alikuwa mwenye duka. Radhiya binti Yunusi, miaka ishirini na sita. Kila kompyuta iliyowahi kuugua kisiwani ilipita mikononi mwake. Aliwatazama watu wake watatu kama anavyotazama simu iliyoletwa imetumbukia chooni: inawezekana, lakini mtu ataosha mikono sana.

Asingekaa nao chumba kimoja kama si Jumatatu.

Jumatatu mama yake, Bi Kadija, alitakiwa awe ametoka kwenye nyumba aliyozaliwa. Kamaludin, dalali wa nyumba na viwanja, alikuwa ametoa mahakamani nakala ya hati ya mauzo, jina la shahidi limezibwa hadi siku hiyo. Hati ina alama ya kidole gumba cha Bi Kadija. Bi Kadija anaapa hajauza hata mlango. Kwa miaka kumi kidole chake kiligusa karatasi moja tu: fomu ya msaada wa mazishi, mumewe alipofariki. Na fomu hiyo aliileta Kamaludin huyo huyo, machozi yakimlengalenga. Wakili alisema: leteni ushahidi, ama Jumatatu mpange masanduku.

"Kila karatasi Kamaludin anaipiga picha anaiweka kwenye kompyuta," Ghassan alikuwa amemwambia. "Ya mama yako imo mle mle. We chukua yako. Mimi nachukua ramani za viwanja vya Kililana. Nina mteja."

Basi Radhiya aliinua flashi nyeusi. Juu yake kulikuwa na kibandiko cha pengwini.

"Hii ni kompyuta nzima," alisema.

"Hilo bata?"

"Pengwini. Ni alama ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta."

"Bata ni bata. Kesho tunakula bata!" Ghassan alijichekea mwenyewe, kwa kuwa mwingine hakujitokeza.

Radhiya alimsubiri amalize. "Mashine ya Kamaludin ina neno la siri. Sisi hatuligusi. Tunaiwasha kwa hii flashi. Windows yake inabaki ndani huko, haijui kama kuna wageni. Huu unaitwa mfumo hai. Hauingii kwenye diski. Unaishi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM inaishi kwa umeme. Ukizima, umekufa. Ulichokinakili ukakiacha kwenye desktopu yake, nacho kimekufa. Ni kama umeandika juu ya pumzi. Mmesikia?"

Ghassan alikuwa akijipiga picha na ramani yake. Mahir alikuwa akinusa boksi.

"Na ukichomoa flashi mashine ikiwa inakwenda?" aliuliza Bakr. Wote waligeuka. Ilikuwa kama kabati limeongea.

"Inaganda," alisema Radhiya. "Isipokuwa niwe nimeuambia mapema mfumo wote ukwee kwenye RAM. Hapo chomoa, tupa pwani, mashine haishtuki."

Bakr aliitikia kwa kichwa.

"Wacheni shule!" Ghassan alipiga meza. "Kazi mbili. Moja, kila kitu kinaingia kwenye bata. Mbili, ukimaliza unafuta mashine ya Kamaludin. Pakavu."

"Kufuta kwa nini? Mtu asiyejua kaibiwa hatafuti mwizi."

"Bosi nani?"

"Wewe."

"Basi."

Hapo Radhiya angeuliza tena. Hakuuliza. Jumatatu ilikuwa imemkaba.

Ijumaa. Saa 6:31 mchana.

Sauti ya hotuba ilitoka kwenye vipaza sauti. Vichochoro vilikuwa vitupu. Punda mmoja, paka wawili, na mwanamke mrefu kupita kiasi aliyevaa buibui na raba namba arubaini na tano.

"Mbona hivyo viatu?" Radhiya alimnong'oneza.

"Nikikimbia je?" alijibu Ghassan kutoka ndani ya ninja yake.

"Ukikimbia na buibui hilo utaanguka kabla ya kona."

Punda alimtazama Ghassan, akageuza uso.

Kufuli la Kamaludin lilikuwa kubwa, la kutisha watoto. Bakr aliingiza mtaimbo mfupi, akakohoa mara moja. Likafunguka. Kumbe lilikuwa bati tupu, kama mwenyewe.

Ndani palinukia udi na karatasi. Meza ya mvule. Feni ya mezani. Printa ndogo. Dirisha la vyuma likitazama chini kwenye kichochoro cha msikitini. Na kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, kama maiti ya tajiri.

"Simu zote kwangu," alisema Ghassan, akivua buibui. "Hakuna ushahidi." Alizitia mfukoni ya Radhiya na ya Bakr. Yake alibaki nayo. Kisha akampekua Radhiya mkoba, akatoa vidude vyote, akamwachia flashi moja.

"Unaniogopa?"

"Bosi haogopi. Bosi anapanga."

Saa 6:38.

Radhiya alichomeka flashi, akabonyeza kitufe, akapigapiga F12. Menyu ikatokea. Akaichagua flashi. Maandishi yakapita mbio. Kisha kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi.

"Umeiua!" Ghassan aliruka.

"Sijaiua."

"Imekufa! Tizama! Nyeusi!"

"Ghassan. Hata wewe ukifumba macho huwa hujafa, kwa bahati mbaya."

Kwenye kona, Bakr alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Radhiya aliujua ugonjwa huo. Mashine kama hizi amezitibu nyingi: kadi ya picha ya kizamani, mfumo mpya, hawaelewani lugha. Mfumo unafanya kazi gizani, picha tu haitoki. Aliiwasha upya. Safari hii kwenye menyu alibonyeza e, mistari ikafunguka, na mwisho wa mstari akaongeza neno moja: nomodeset. Usishindane na kadi, onyesha picha kwa njia nyepesi, basi.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuendelea. Akasita. Aliufikiria mkoba wake uliopekuliwa. Akaongeza neno la pili: toram.

"Hilo nini?" Ghassan alikuwa begani kwake, akipumua vitunguu.

"Dawa."

"Mbona sasa inachelewa?"

"Inakwea."

Dakika nne nzima mfumo ulijihamisha kutoka kwenye flashi kuingia kwenye RAM. Ghassan alizunguka chumbani akifungua droo za watu. Alipata tende, akala.

Saa 6:47.

Desktopu ikafunguka, safi, ya buluu. Radhiya alibofya diski ya Kamaludin. Kisanduku kidogo kikatokea na ujumbe. Aliusoma kimya, mara mbili.

Kamaludin alikuwa mtu wa kulaza mashine badala ya kuizima. Windows yake ilikuwa usingizini, na kumbukumbu zake nusu ziko wazi. Linux ikikuta diski ya namna hiyo huwa na adabu kuliko wanadamu: inaifungua kwa kusoma tu. Tazama, nakili, lakini usiandike wala usifute hata herufi. Ilikuwapo amri ya kuilazimisha. Radhiya aliijua kwa moyo.

Hakuiandika. Kwa nini, hata yeye hakujua bado. Pengine ni tabia ya fundi, hapendi kuvunja cha mtu. Pengine ni zile tende.

Aliweka folda mpya kwenye desktopu, apange humo kwanza kabla ya kujaza flashi, akaanza kunakili. Viwanja. Ramani. Mikataba. Ghassan alikuwa dirishani, mgongo kwao, akimfokea Mahir kwenye simu.

"Imamu yuko wapi? ... Sasa we utajuaje kama umesinzia?"

Saa 6:51.

Folda ilikuwa na jina moja: KADIJA. Ndani, picha tatu.

Ya kwanza: fomu ya msaada wa mazishi. Chini yake kidole gumba cha mama, wino wa zambarau, na katikati ya kidole mstari mweupe ulioinama. Kovu la mbuzi. Bi Kadija alijikata akikuna nazi siku ya arusi ya jirani, na tangu hapo kidole chake hakifanani na cha mtu.

Ya pili: kidole hicho hicho, peke yake. Kimekatwa kwenye fomu kama picha ya gazeti. Hata tone la wino lililomwagika pembeni lilikuwamo.

Ya tatu: hati ya mauzo ya nyumba. Kidole kimebandikwa chini. Kovu lile lile. Tone lile lile. Kamaludin hakujisumbua hata kufuta tone. Mtu akizoea kuibia wajane huwa mvivu.

Na chini ya kidole, mahali pa shahidi, sahihi kubwa yenye mikia miwili mirefu kama sharubu za kamba. *Ghassan bin Harith.*

Radhiya aliikuza sahihi ile kwenye kioo. Nyuma yake pumzi nzito ilisimama. Bakr. Alikuwa ameinama, anatazama kioo. Sahihi ile aliijua. Kila mafuta ya boti yakiletwa, Ghassan huiweka kwenye risiti kwa mbwembwe kama anatia sahihi mkataba wa amani.

Bakr aliinuka. Alimtazama Radhiya. Akamtazama bosi mgongoni. Akarudi mlangoni, akasimama.

Sasa Radhiya alilielewa lile "pakavu". Hapakuwa na mteja wa Kililana wala nini. Ghassan alikuja kuiba jina lake mwenyewe.

Saa 6:56.

"Mzigo tayari?" Ghassan aligeuka.

"Tayari."

"Wote umo?"

"Wote umo." Hakusema umo wapi.

"Futa. Nikiona."

Alisogeza kiti karibu, akakaza macho, kama mwenye nyumba anayemsimamia fundi. Radhiya aliweka mshale juu ya folda. Folda aliyoiunda mwenyewe dakika tisa nyuma, kwenye desktopu, juu ya pumzi. Akafungua ili bosi aone: viwanja, ramani, mikataba, KADIJA. Akateua yote. Akafuta. Akamwaga na pipa la taka.

Folda ikabaki tupu, nyeupe.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Hata mtaalamu wa serikali hapati?"

"Hapa," alisema Radhiya, akigusa kioo kwa kucha, "hapati hata akija na babu yake."

Na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Sasa izime."

Radhiya alinyoosha mkono. Akabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi.

Kitufe cha kioo.

Chini ya meza CPU ilikuwa inaendelea na maisha yake, taa yake ya kijani inapepesa. Feni ya mezani ilikuwa inavuma, ikameza mlio wake. Lakini taa haina feni ya kuificha. Ghassan akainama kuchomoa flashi, na kichwa chake kilikuwa kinashuka, kinashuka, na Radhiya akaona mguu mmoja mpana ukisogea, ukasimama mbele ya taa.

"Pole pole, bosi," alisema Bakr. "Usigonge kichwa kwenye meza."

Ghassan alichomoa flashi, akaibusu pengwini tumboni. "Bata langu!"

Hajui kompyuta iko wapi na televisheni iko wapi. Miaka mitatu Mombasa.

Saa 6:59.

Radhiya alisimama kuchukua mkoba. Ghassan alimsukuma kitini.

"We unabaki."

"Nini?"

"Kamaludin alinishikia ile karatasi mwaka mzima. 'Ghassan nifanyie hili, Ghassan nifanyie lile, ama nitawaonyesha watu sahihi yako.' Mimi punda wake? Sasa karatasi haiko. Nakala iko kwa bata, na mwenye bata ni mimi, ataniita bwana. Na mwizi yuko." Alitabasamu. "Mwizi ni yule binti wa mwenye kesi. Nani ataniuliza mimi?"

Akavaa tena buibui, akapiga simu pale pale, mbele yake, kwa madaha. "Mahir. Imamu akitoa salamu tu, mwambie Kamaludin kuna mwizi ofisini kwake. Mwanamke. Kisha shuka kwenye boti."

"Bakr," alisema Radhiya.

Bakr alikuwa anatazama sakafu. "Twende, bosi," alisema.

Mlango ulifungwa. Kitu kizito kikapachikwa kwa nje. Radhiya alisikia raba namba arubaini na tano zikishuka ngazi, kisha mpasuko wa nguo, kisha tusi. Buibui.

Saa 7:01.

Aliwasha kioo. Desktopu ya buluu ikamkaribisha kama hakuna kilichotokea. Mfumo ulikuwa mzima. Akafungua diski ya Kamaludin. Viwanja, ramani, mikataba, KADIJA. Hakuna kilichoguswa.

Lakini flashi haiko. Simu haiko. Kamaludin akifika ataziona picha zimefunguliwa, na yeye anajua kufuta. Kilichobaki ni ile printa ndogo pembeni, imefunikwa nayo kitambaa cha kufumwa. Radhiya alikivuta.

Alizibandika picha tatu kwenye ukurasa mmoja. Chini akaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA BI KADIJA. KARATASI MBILI, KIDOLE KIMOJA, TONE MOJA. SHAHIDI NI GHASSAN. MNUNUZI NI KAMALUDIN. Akaagiza nakala hamsini, kwa wino hafifu ili ziende mbio.

Printa ilijinyoosha. Ikanguruma.

Umeme ukakatika.

Saa 7:04.

Printa ilinyamaza. Taa ya dari ilizimika. Radhiya alifumba macho. Kisha chini ya meza kitu kikalia: *pii*. Akafumbua. Kioo kilikuwa kinang'aa.

Kamaludin alikuwa na UPS, lile sanduku la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika. Mwenyezi Mungu huwapa riziki hata madalali.

*Pii.* Betri za UPS za Amu Radhiya anazijua. Hewa ya chumvi huzila, ukiambiwa dakika kumi, hesabu nne. Alipiga magoti. Kamaludin alikuwa amechomeka humo kompyuta, printa, feni, na birika la chai. Akazing'oa feni na birika. *Pii.*

Printa haikutoa kitu. Taa yake ya rangi ya chungwa ilikuwa inapepesa.

"Unataka nini, we?" aliiambia. "Una wino. Una karatasi."

Kisha akakumbuka, akataka kulia na kucheka. Mfumo hai ukiamka hujiona uko Marekani. Ulikuwa umeagiza karatasi ya Letter, na printa ya Amu inakula A4, ikakataa kwa kiburi. Akafungua mipangilio. Letter. A4. Kubali. *Pii. Pii.*

Printa ilimeza karatasi ya kwanza. Ikaitema. Kidole cha mama, mara tatu.

Ya pili. Ya tatu. Kutoka msikitini sauti ya imamu ilipanda: *Assalaamu alaykum wa rahmatullah.* Mara ya kwanza kulia. Mara ya pili kushoto.

Saa 7:09.

Wanaume wa Amu walimiminika kwenye kichochoro, kanzu nyeupe, kofia za vito zilizoshonwa kwa mkono, kila mmoja akitafuta viatu vyake na chakula chake. Karatasi ya kwanza ilipita kati ya vyuma, ikateleza hewani, ikamkalia Mselem, muuza halua, juu ya kofia.

"Ah! Nani anatupa takataka siku ya Ijumaa?"

Ya pili. Ya tatu. Ya kumi. Radhiya alikuwa anazisukuma dirishani zikiwa bado mbichi, vidole vimejaa wino. *Pii, pii, pii*, mlio mmoja sasa, hauna kituo.

"Hebu," alisema Mselem kule chini. Aliisogeza karatasi karibu na macho. "Hichi kidole si cha Bi Kadija? Kovu hili nalijua. Siku aliyojikata na mbuzi nilikuwako, mimi ndiye niliyefunga kitambaa!"

"Na huku tena hicho hicho!"

"Na tone lile lile. Subhanallah."

"Shahidi nani? Hebu soma."

Karatasi ya ishirini na tatu ilikuwa nusu nje ya printa. UPS ikanyamaza. Kioo kikafa, na safari hii kilikufa kweli. Mfumo hai uliondoka na desktopu yake, na folda yake tupu, na kila kitu, bila kuacha hata alama ya kidole.

Radhiya aling'oa ile nusu karatasi, akaitupa nayo.

Saa 7:13.

Kamaludin alipanda ngazi mbio, kanzu ameikunja magotini. Huyu ni mtu ambaye hata msikitini viatu vyake huviweka mbali na vya watu.

"Mwivi! Mwivi yumo ndani! Nimeambiwa ni mwanamke!" Aliupiga mtaimbo teke, mlango ukafunguka. "Nimekushika! Leo ndia ya kutoka huna!"

Radhiya alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha ngozi, mikono mapajani, ya zambarau.

"Sitoki, Bwana Kamaludin. Nilikuwa nakungoja."

Kamaludin akageuka kuwaita mashahidi. Mashahidi walikuwa wamejaa ngazi nzima tayari, na kila mmoja ana karatasi mkononi. Hakuna aliyekuwa akimtazama mwizi.

Saa 9:40 alasiri. Kituo cha polisi.

Seli zilikuwa mbili, uso kwa uso. Moja ya Radhiya. Ya pili walikuwamo Ghassan, Mahir na Kamaludin, wameminywa kama dagaa, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake.

Mahir alikuwa analia, nusu kwa hofu, nusu kwa kuwa hakula. Kwake yeye ndipo Radhiya alipopata habari za gatini. Ghassan alirukia boti. "Washa!" Bakr akavuta kamba. Kimya. "Washa!" Akavuta. Kimya. Kuna kipande chekundu, kidogo kama kisoda, ambacho bila hicho injini ile haiwaki. Bakr alikuwa nacho mfukoni.

"Imekufa?" Ghassan alipiga kelele.

"Haijafa, bosi," Bakr alimjibu. "Imelala." Kisha akachukua simu mbili mfukoni mwa Ghassan, yake na ya Radhiya, akapanda ngazi za gati taratibu, akaenda zake. Ya Radhiya aliiacha kituoni, mezani, bila neno. Tangu hapo hakuonekana.

Inspekta Bochaberi, mwanamke mwembamba asiyetaniwa, alikuja na laptopu ya ofisi na flashi nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hii ndiyo ulikuwa umekumbatia," alimwambia Ghassan. "Nimeifungua."

Ghassan alisimama. Hata sasa, hata humu, alitengeneza mkufu wake. "Afande, tukae tuongee. Mle ndani mna siri za watu wakubwa. Viwanja vyote vya Kililana. Mimi niko tayari kutoa ushirikiano."

Bochaberi aliigeuza laptopu imtazame. "Mle ndani hamna kitu. Mna mfumo wa kuwashia kompyuta, basi. Na picha ya huyu ndege."

"Haiwezekani! Niliona kwa macho yangu! Radhiya! We Radhiya, wambie!"

Radhiya aligeuza uso. Mlangoni mama yake alikuwa ameingia na kikapu cha wali, na polisi mmoja alikuwa anamsogezea karatasi ya maelezo na kibweta cha wino wa zambarau.

"Kidole hapa, mama."

Bi Kadija alikitazama kibweta kama mtu anayetazama nge. Akaingiza kidole gumba ndani ya buibui, akakificha.

"Hichi hakigusi karatasi tena," alisema. "Nipani kalamu. Ina langu nalijua kuliandika."

Jina lilimchukua muda. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimelala upande. Bochaberi alisubiri, hakumharakisha. Kisha alizikunja karatasi zote, za maelezo na za dirishani, akasema Jumatatu yeye mwenyewe atazipeleka mahakamani, na kwamba mpaka hapo hakuna atakayemtoa mtu nyumbani kwake.

"Na huyu wangu?" aliuliza Bi Kadija.

"Huyu alivunja ofisi ya mtu, mama. Ataenda mbele ya hakimu kama wengine."

"Haya. Lakini atakula kwanza." Akapitisha sahani kati ya vyuma. Alipovuka kwenda mlangoni alipita mbele ya seli ya pili, akasimama, akamtazama Kamaludin kuanzia kofia hadi miguu pekupeku, akafunika kikapu.

Ghassan alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nayo mkononi," alisema. "Radhiya. Kila kitu kilikuwa ndani ya bata. Wewe mwenyewe ulisema umo."

Radhiya alimega wali, akautafuna pole pole, akameza.

"Bata si unalo?" alisema. "Lile."